Kwa nini filamu moja ya katuni hulipa na nyingine hula hasara?

*"Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana watatu wa Mwanza, tumejifunza uhuishaji wenyewe kwenye kompyuta, na tumeandika hadithi ya filamu ya katuni ya dakika 80 kwa watoto na wazazi wao. Mjomba wangu yuko tayari kuuza kiwanja ili atuwezeshe. Juzi alinitumia habari kwamba filamu ya Pixar iitwayo Elemental ilianguka vibaya mwaka 2023, na kwamba siku hizi katuni mpya hailipi, zinazolipa ni miendelezo tu. Mimi nimesoma kwingine kwamba filamu hiyo hiyo ilikusanya karibu dola milioni 500. Nimeitazama, ni nzuri sana. Nani anasema kweli? Na kama filamu nzuri ya kampuni kubwa inaweza kuanguka, sisi tuanze kwa matumaini gani?"*

Marahaba, ndugu yangu. Wewe na mjomba wako nyote mmesoma habari za kweli, ila ziliandikwa miezi tofauti. Ninavyokuelewa, unauliza mambo mawili: filamu ile ilianguka au haikuanguka, na kiwanja cha mzee kiuzwe au kisiuzwe. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ukielewa hesabu ya Elemental, la kiwanja utaweza kulijadili na mjomba bila kubahatisha.

Elemental ilifunguliwa Marekani Ijumaa ya tarehe 16 Juni 2023. Kuitengeneza kuligharimu takribani dola milioni 200. Katika siku tatu za kwanza iliuza tiketi za dola milioni 29.6 tu huko Marekani na Kanada, ilhali Inside Out ya studio hiyo hiyo ilivuka milioni 90 ilipofunguliwa mwaka 2015. Waandishi walifunga hesabu Jumapili jioni na kutangaza msiba. Habari aliyosoma mjomba wako ni ya wiki hiyo.

Wiki zilizofuata ziliandikwa kidogo. Kwa kawaida filamu kubwa hupoteza nusu ya watazamaji au zaidi wikiendi ya pili. Elemental ilishuka polepole, mzazi akimwambia mzazi mwenzake, hadi ikamaliza na zaidi ya milioni 154 Marekani na Kanada, yaani zaidi ya mara tano ya ilivyofungua. Ilinganishe na Lightyear, filamu nyingine ya Pixar iliyotoka mwaka mmoja kabla. Hiyo ilifungua vizuri zaidi, milioni 50.6, ikaishia 118, mara mbili na kidogo tu. Moja iliingia kwa kishindo ikazimika, nyingine iliingia kimya ikakaa. Korea Kusini ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni saba za Elemental. Mwongozaji wake, Peter Sohn, ni mtoto wa wahamiaji kutoka Korea waliokuwa na duka New York, na hadithi ya baba mwenye duka na binti yake imetoka huko, kwa hiyo Wakorea walijiona ndani yake. Mwezi Agosti rais wa Pixar, Jim Morris, alisema filamu hiyo itailetea kampuni faida. Septemba ilipowekwa Disney+, huduma ya kutazama filamu mtandaoni ya Disney, kampuni inayomiliki Pixar, Disney ilitangaza kwamba ilitazamwa mara milioni 26.4 katika siku tano za kwanza.

Sasa naomba tuondoe kosa moja ambalo hata watu wa filamu hulirudia: kudhani kwamba fedha ya tiketi ni ya studio. Mwenye ukumbi huchukua sehemu yake kwanza. Marekani studio hubakiwa na karibu nusu, nchi nyingine mara nyingi hubakiwa na kama asilimia 40, na China ni kama robo. Gharama za kutangaza hazimo katika bajeti inayotajwa magazetini, na kwa filamu ya kuoneshwa dunia nzima mara nyingi hufikia dola milioni 100. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii huwa na kipimo cha haraka: filamu ikusanye walau mara mbili na nusu ya bajeti yake kabla hujaanza kuiita faida.

Chukua kipimo hicho uweke filamu mbili kwenye mizani. Puss in Boots: The Last Wish ya DreamWorks, ya Desemba 2022, ilikusanya zaidi ya dola milioni 480 duniani. Elemental ilikusanya karibu 496. Mapato yanakaribiana sana, na ukikata fungu la wenye kumbi kwa viwango nilivyotaja, studio zote mbili zilipokea kama milioni 210 hivi kutoka sinema. Lakini ile ya DreamWorks iligharimu milioni 90. Ilibaki na kama milioni 120 za kulipia matangazo na kuweka akiba. Elemental ilibaki na kama milioni 10, na matangazo yakiwa bado hayajalipiwa. Watazamaji walilipa takribani kiasi kile kile, moja ikaitwa ushindi mkubwa na nyingine ikawa inangoja fedha za televisheni, Disney+ na vitu vya kuchezea watoto ili kupumua. Kilichozitenganisha kilikuwa tayari kimetumika kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Vijana wengi wanaoniandikia huuliza watapataje watazamaji wengi zaidi, na wachache huuliza filamu yao itagharimu kiasi gani. Pixar huajiri mamia ya watu California kwa miaka kadhaa kwa filamu moja, na hadithi ikiyumba wanaivunja na kuianza upya huku mishahara ikiendelea. Utaratibu huo umezaa filamu bora kabisa, nami naziheshimu, lakini ni wa gharama kubwa mno. Studio ya Illumination huchora filamu zake Paris na hubana bajeti tangu siku ya kwanza: The Super Mario Bros. Movie iligharimu kama dola milioni 100 na ikavuka bilioni 1.3. The Wild Robot ya DreamWorks, mwaka 2024, iligharimu kama milioni 78 na kukusanya zaidi ya milioni 330, ikafurahiwa kama mafanikio. Filamu ya milioni 200 ikikusanya hizo hizo 330, watu hufukuzwa kazi.

Upande wa pili ni mtazamaji, na hapa filamu ya familia ina tabia zake. Mtu mzima akitaka filamu ya mapigano huamua mwenyewe na kwenda Ijumaa usiku. Katuni ya familia huamuliwa nyumbani, na mlipaji siye mwenye hamu. Mama hanunui tiketi moja, ananunua nne, na bisi, na soda, na nauli au mafuta ya gari. Mtoto wa miaka minne akiogopa katikati ya filamu, au wa miaka kumi akichoka, fedha yote imepotea pamoja na Jumamosi. Kwa hiyo mzazi mbele ya bango la sinema ni kama msafiri stendi ya mabasi: hupanda la kampuni anayoijua, hata kama lile la pembeni ni jipya na linang'aa. Akiwa hana hakika husubiri jirani aende kwanza. Ndiyo maana wikiendi ya kwanza haisemi mengi kuhusu katuni kama inavyosema kuhusu filamu nyingine.

Kuna kampuni ya Marekani iitwayo CinemaScore ambayo huwahoji watazamaji wakitoka ukumbini siku ya kwanza na kuipa filamu alama. Elemental ilipata A. Strange World ya Disney, iliyotoka Novemba 2022, ilipata B, na kwa katuni za Disney hiyo ni alama ya chini sana, kwa sababu familia zilizokwisha kulipa kwa kawaida huwa wakarimu. Filamu hupata watazamaji kupitia milango miwili, matangazo na sifa za waliokwisha kuiona, na Strange World ilifungiwa yote miwili. Matangazo yake yalionesha nchi ya ajabu yenye viumbe vya ajabu, lakini mzazi hakuambiwa moyo wa hadithi ni nini. Na waliokwenda hawakurudi nyumbani na sifa za kutosha kuwatoa majirani. Ilikula takribani dola milioni 180 na kukusanya kama 73 dunia nzima. Mlango mmoja ukifungwa filamu inaweza kupona kupitia wa pili, kama Elemental.

Lakini nisikudanganye kwamba filamu nzuri hupona siku zote. Elio, ya Pixar pia, ilitoka Juni 2025. Waliotoka ukumbini waliipa A, sawa na Elemental. Ilifungua na dola milioni 20.8, kiwango cha chini kuliko chochote katika historia ya studio hiyo, na haikuinuka. Sababu moja unaweza kuiona kwenye kalenda: wiki zile zile kulikuwa na Lilo & Stitch na How to Train Your Dragon, zote zikiwa hadithi za katuni zilizorudiwa kwa waigizaji halisi, majina ambayo mzazi aliyajua tangu mwenyewe akiwa mdogo. Familia iliyopanga kwenda sinema mara moja au mbili mwezi huo ilikuwa imeshachagua. Hata tarehe peke yake inaweza kuua. Treasure Planet ya Disney iliwekwa sokoni Novemba 2002, siku kumi na mbili baada ya filamu ya pili ya Harry Potter. Bajeti milioni 140, mapato kama milioni 110. Na ile Puss in Boots ilifunguliwa wakati wa Krismasi huku dhoruba ya theluji ikiwafungia Wamarekani majumbani, ikapata milioni 12 tu wikiendi hiyo. Iliokolewa na sifa za watazamaji, na pia na ukweli kwamba kwa wiki nyingi baadaye hapakuja katuni nyingine kubwa ya kuishindanisha.

Halafu kuna kutazama nyumbani, jambo ambalo huelezwa nusu nusu. Wakati wa Korona, Disney iliziweka Soul, Luca na Turning Red moja kwa moja Disney+ bila malipo ya ziada kwa wanachama. Kwa zaidi ya mwaka wazazi walizoeshwa kwamba katuni ya Pixar huja yenyewe sebuleni. Elemental ililipia mazoea hayo. Encanto ilitoka sinema Novemba 2021 na kufika Disney+ mwezi mmoja tu baadaye. Nyimbo zake zililipuka Januari, na wimbo wake uitwao We Don't Talk About Bruno ukashika namba moja Marekani, wakati ambao watu hawakuwa tena na sababu ya kwenda ukumbini. Ikaishia kama dola milioni 256 sinema, ingawa watoto wa dunia nzima walikuwa wakiimba nyimbo zake kwa moyo.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni Moana. Filamu hiyo ya 2016 ndiyo iliyotazamwa zaidi majumbani Marekani mwaka 2023, dakika bilioni 11.6 kwa hesabu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji. Watoto walikuwa wanairudia na kuirudia. Disney ilikuwa inaandaa mwendelezo wake kama tamthilia ya Disney+, ikageuza mawazo, ikautoa kama filamu ya sinema Novemba 2024, na ukavuka dola bilioni moja. KPop Demon Hunters ilianzia Netflix Juni 2025, na Agosti ilipopelekwa sinema kwa wikiendi moja ya kuimba pamoja, watu walinunua tiketi za filamu waliyokuwa nayo tayari nyumbani. Kwa hiyo sebule huinyima filamu mpya mapato ya leo, na papo hapo hujenga jina ambalo kesho mzazi atalilipia bila kusita.

Turudi kwa mjomba. Ana haki nusu, tena nusu nzito. Miongoni mwa filamu za katuni zilizokusanya fedha nyingi zaidi Marekani miaka hii ni Mario, Inside Out 2, Moana 2, na mfululizo wa Despicable Me: zote zimesimama juu ya jina lililokuwepo. Mwajiri akiniuliza aweke milioni 200 kwenye hadithi isiyojulikana, ningemwambia asifanye hivyo. Nusu anayoikosa ni hii: jina peke yake halitoshi. Lightyear ilikuwa na jina linalojulikana kuliko yote katika orodha ya Pixar, lakini wazazi hawakuelewa kama huyu ndiye yule mwanasesere wa Toy Story au ni mwingine, na sauti waliyoizoea haikuwepo. Isitoshe, haikuoneshwa China wala katika nchi kadhaa za Kiarabu. Na Inside Out 2 isingekuwepo bila Inside Out ya kwanza, hadithi mpya kabisa ya mwaka 2015 iliyokusanya zaidi ya dola milioni 850.

Kwa hiyo ningebadilisha kauli ya mzee. Mzazi hukwepa asichokijua, na hadithi mpya inaweza kuwa na kitu anachokijua. Ne Zha ya China ilikuwa filamu mpya mwaka 2019, lakini shujaa wake ni mtoto wa hekaya ya kale ambayo kila bibi wa Kichina anaijua. Mwaka 2025 mwendelezo wake ulivuka dola bilioni mbili, sehemu kubwa sana ikitoka China yenyewe, kwa bajeti ya takribani milioni 80. Ninyi mna bibi zenu na mna Ziwa. Sijaisoma hadithi yenu, lakini swali la kwanza ningewauliza ni kama mtoto wa Nyamagana, hapo Mwanza kwenu, atamtambua yeyote ndani yake.

Na msijipime kwa Pixar. Jipimeni kwa Flow. Gints Zilbalodis wa Latvia aliifanya na kikosi kidogo, kwa Blender, programu ya bure ambayo huenda nanyi mnaitumia, kwa bajeti ya takribani euro milioni 3.5. Haina mazungumzo hata neno moja, kwa hiyo ilivuka mipaka bila gharama ya kutia sauti upya. Ilivunja rekodi ya watazamaji sinema za nyumbani kwao, na Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Hata hivyo zingatieni: milioni tatu na nusu za euro si kiwanja kimoja, na zilitoka katika mifuko ya filamu ya Latvia, Ufaransa na Ubelgiji. Sisi huku hatuna mifuko ya namna hiyo ya kutosha, na kumbi za sinema ni chache, nyingi zikiwa katika miji mikubwa. Tiketi za hapa peke yake haziwezi kurudisha gharama za dakika 80 za katuni. Hili nalisema kwa uchungu, lakini ni bora mlisikie sasa.

Angalieni waliotangulia jinsi walivyolipwa. Ubongo Kids ya Dar es Salaam ilianza 2014 kwenye televisheni, vipindi vifupi, kwa msaada wa wafadhili wa elimu. Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi ikiwa tayari imeagizwa kwa ajili ya televisheni ya watoto Uingereza. Kizazi Moto ya mwaka 2023 ilikuwa mkusanyiko wa filamu fupi za waongozaji wa Kiafrika, ikisimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town na kulipiwa na Disney+. Katika mifano yote mitatu mlipaji alipatikana kabla ya kazi kuisha. Hakuna aliyechora filamu nzima kwanza kisha akaenda kutafuta mnunuzi.

Njia ya kiwanja ina uzuri wake: mtamiliki kila kitu, hakuna wa kuwaamuru. Ubaya wake ni kwamba fedha ikiisha dakika ya 35, mtabaki na deni lote na nusu ya filamu, na nusu ya filamu haiuziki. Ushauri wangu ni kutengeneza dakika nne au tano zilizokamilika, zenye rangi, sauti na muziki wa kiwango mnachotaka filamu iwe nacho. Hizo mnaweza kuzimaliza kwa jasho lenu na fedha kidogo. Zipelekeni shule ya msingi kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kaeni pembeni, mwatazame watoto badala ya kioo, na mwandike sekunde walipoanza kuongea wao kwa wao. Kisha waulizeni wazazi kumi, kila mmoja peke yake, filamu hii inahusu nini. Majibu yakitofautiana sana, mna tatizo la Strange World, na litatibika kwenye karatasi kwa bei ya penseli. Dakika hizo tano ndizo mtakazopeleka kwa vituo vya televisheni, kwa wafadhili na kwenye matamasha. Na muda mtakaotumia kuzitengeneza utawaambia dakika 80 zitachukua miaka mingapi, jambo ambalo sasa mnalikisia tu.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Tafuteni wakili anayejua hakimiliki, mkae naye ana kwa ana ninyi watatu. Awaandikieni makubaliano ya nani anamiliki wahusika na hadithi, hasa mmoja akijitoa. Kazi yenu isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na muulizeni wakili kuhusu vibali vya Bodi ya Filamu. Kila atakayetia sauti au kupiga muziki asaini karatasi, hata akiwa binamu, kwa maana msambazaji wa nje atazidai zote. Mkiletewa mkataba wa usambazaji, msiusaini kabla wakili hajaangalia gharama zipi zitakatwa kabla ya mgao wenu, haki zinachukuliwa kwa miaka mingapi na kwa nchi zipi. Na mjomba naye aende na mtu wake wa hesabu, iandikwe kama fedha yake ni mkopo, ni hisa au ni zawadi, kwa sababu familia nyingi hugombana hapo hapo. Kama mnunuzi wa kiwanja ameshatoa arbuni, mwoneni wakili wiki hii, kabla hati haijabadilishwa jina.